Gari la Kampuni na Daftari Lake

Gari lililotoka kwenye kampuni likiwa bado karibu jipya lina kitu ambacho gari la mtu binafsi mara nyingi halina, nacho ni daftari. Kuna mahali imeandikwa lilisajiliwa lini, lilifanyiwa servisi lini na wapi, lilibadilishwa tairi zipi, na siku ya kurudishwa lilikuwa na mikwaruzo gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui biashara ambayo msemo huo unaifaa zaidi ya hii. Muuzaji akikuonyesha daftari hilo, unanunua gari ambalo maisha yake unayajua. Akishindwa, neno "la kampuni" analolitaja halina uzito wowote, na bei yake iwe sawa na ya gari lingine lolote la mtaani.

Nasema hivi kwa sababu ndugu zetu wengi hapa Stratford, mashariki ya London, hulipa zaidi kwa ajili ya neno hilo tu. Tangazo likisema "lilikuwa la kampuni, mmiliki mmoja", mtu ameshalegea kabla hajafungua mlango wa gari. Fedha yenyewe ni ya zamu za usiku na wikendi. Inauma kuiona ikiondoka kirahisi.

Kabla hujafika kwa muuzaji, jiulize kama gari unalihitaji kweli. Stratford ni sehemu ambayo mtu anaweza kuishi miaka mingi bila usukani: Central, Jubilee, DLR, Elizabeth na Overground zote zinapita kituo kimoja, na kuna mabasi ya usiku kucha. Wanaolihitaji nawajua kwa kazi zao. Kuna mlezi anayezunguka nyumba za wazee kati ya Forest Gate na Dagenham, muuguzi anayetoka zamu alfajiri pale Plaistow, fundi mwenye vifaa vizito, na mzazi mwenye watoto watatu ambao shule na madrasa zao ziko pande tofauti. Kama wewe ni mmoja wao, basi swali linalofuata ni mahali pa kuliegesha. Nyumba nyingi mpya zilizojengwa kuzunguka Olympic Park baada ya mwaka 2012 zina sharti kwamba mkazi hapewi kibali cha kuegesha barabarani. Piga simu halmashauri ya Newham, au ingia kwenye tovuti yao, uweke anwani yako uone kama unastahili kibali. Uliza na bei yake, maana hutegemea kiasi cha moshi ambao gari linatoa. Fanya hivyo kabla ya kulipa hata senti moja ya arbuni. Gari zuri lisilo na mahali pa kulala ni mzigo.

Sasa tuangalie magari haya yanatoka wapi. Uingereza, zaidi ya nusu ya magari mapya husajiliwa kwa ajili ya kampuni na mashirika, si kwa watu binafsi. Kampuni nyingi hazinunui magari moja kwa moja. Huyakodi kwa mkataba wa miaka miwili, mitatu au minne kutoka kwa kampuni ambazo biashara yao ni kukodisha magari tu, na ndani ya mkataba kuna idadi ya maili iliyokubaliwa. Muda ukiisha gari linarudi kwa mwenyewe, linakaguliwa kwa kufuata mwongozo wa uchakavu wa kawaida uliotolewa na BVRLA, ambacho ni chama cha kampuni hizo za ukodishaji, halafu mengi hupelekwa mnadani, kwa kina BCA au Manheim. Huko wanunuzi ni wenye yadi. Wanalipeleka gari kuoshwa, kung'arishwa na kuzibwa mikwaruzo, na ndipo wewe unalikuta Romford Road au kwenye simu yako likiwa linameremeta.

Faida yake ni ya kweli. Gari jipya hupoteza sehemu kubwa ya thamani katika miaka yake ya kwanza, na hasara hiyo tayari imebebwa na mtu mwingine. Servisi zake kwa kawaida zimefanywa kwa wakati, kwa sababu mkataba unalazimisha na asiyefanya hutozwa. Lakini elewa kwamba "kwa wakati" maana yake ni kile kiwango cha chini ambacho mtengenezaji amekiruhusu. Hakuna meneja wa magari anayemwaga oili mapema kwa huruma. Na tairi huvaliwa hadi karibu na mwisho wake. Kisheria kina cha mifereji ya tairi kinaruhusiwa kushuka mpaka milimita 1.6, hivyo gari linaweza kurudishwa likiwa halali kabisa na bado likakudai tairi nne ndani ya miezi michache. Pima mwenyewe. Zikiwa chini ya milimita 3, ondoa gharama ya tairi kwenye bei.

Swali ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: gari hili lilikuwa na kazi gani?

Magari ya kampuni si ya aina moja. Kuna la mfanyakazi mmoja aliyepewa kama sehemu ya ajira yake, akaenda nalo kazini na akapeleka nalo watoto shule. Huyo kwa kawaida hulitunza, kwa sababu analiegesha mlangoni pake na uharibifu atauulizwa yeye. Kuna la mwakilishi wa mauzo aliyekuwa akikata M1 na M6 siku nzima. Odometa yake inatisha, ila injini inayokimbia moto kwenye barabara kuu haichakai kama ile inayowashwa na kuzimwa kila baada ya maili mbili. Halafu kuna gari la pamoja la ofisi, ambalo funguo zake huning'inia ukutani na kila mmoja huchukua. Yule wa asubuhi hamjui yule wa jioni, na hakuna anayeona uchungu nalo. La kukodishwa kwa siku kwenye viwanja vya ndege nalo huuzwa likiwa na miezi sita au mwaka tu, maili chache, lakini limepitia mikono mingi. Angalia rimu zake, kingo za bampa, na ngozi ya kiti cha dereva.

Aina zote hizi, kwenye kadi ya gari, zinaweza kuonekana "mmiliki mmoja". Kadi hiyo, V5C, ambayo wengi wetu tunaiita logibuku, huhesabu waliosajiliwa kuwa watunzaji wa gari. Kampuni ya kukodisha ikiwa ndiyo iliyosajiliwa, ni mmoja tu, hata kama waliokaa nyuma ya usukani ni watu sitini. Na kadi yenyewe inasema wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Hili linawapita wengi, kwa kuwa kwetu nyumbani kadi ya gari ndiyo gari lenyewe.

Hapa mashariki ya London kuna aina nyingine ambayo lazima niiseme kwa urefu. Kuna kampuni zinazokodisha magari kwa madereva wa teksi za kuitwa kwa simu, zile zenye leseni ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London. Haibridi nyingi utakazoziona zimefanya kazi hiyo, na zikiuzwa zinaweza kutangazwa kama "gari la kampuni", jambo ambalo kwa maneno si uongo. Kazi ya teksi ya jijini ni kazi ngumu: milango inafunguliwa mara elfu, kiti cha nyuma kinakaliwa na wageni usiku na mchana, breki na springi zinafanya kazi ya miaka kumi kwa mitatu. Wengi wetu tuna ndugu wanaoendesha magari hayo na riziki yao ni halali. Siongelei watu, naongelea bei. Gari lililokuwa teksi liuzwe kwa bei ya teksi.

Utalijuaje? Kioo cha mbele na cha nyuma angalia kama kuna alama ya gundi ya duara, mahali palipobandikwa stika ya TfL. Tazama kama kiti cha nyuma kimechakaa kuliko cha abiria wa mbele, maana kwenye gari la familia huwa kinyume au sawa. Kisha nenda kwenye historia ya ukaguzi wa gari, MOT, ambayo serikali inaiweka wazi bure mtandaoni kwa namba ya gari. Gari la kawaida halipelekwi MOT mpaka litimize miaka 3. Teksi hukaguliwa mapema zaidi. Ukikuta gari la miaka miwili ambalo tayari limepita MOT mara kadhaa, muulize muuzaji sababu, na usikubali jibu la kupapasa.

Kanuni hiyo hiyo ya miaka 3 ndiyo inayoficha hatari nyingine. Historia ya MOT ndiyo njia rahisi ya kugundua odometa iliyorudishwa nyuma, kwa kuwa kila ukaguzi huandika maili. Sasa gari ambalo halijafika MOT ya kwanza halina rekodi yoyote ya serikali ya maili zake. Ndilo dirisha ambalo mlaghai hulipenda: gari lilirudishwa na maili 70,000, leo linasoma 28,000, na hakuna ukaguzi wa kumpinga. Kinachobaki kumpinga ni servisi. Siku hizi watengenezaji wengi hawatoi tena kijitabu cha kugonga mhuri. Rekodi ziko kwenye mfumo wa mtengenezaji. Mwombe muuzaji nakala iliyochapishwa, yenye tarehe, maili na jina la gereji. Akisema "ipo, tutakutumia baada ya kulipa", mwambie utalipa baada ya kuiona. Unaweza pia kwenda mwenyewe kwa wakala wa aina hiyo ya gari. Baadhi watakusomea kilichomo, wengine watakataa kwa sababu za faragha, lakini kuuliza si kosa.

Baada ya servisi, lipia uchunguzi wa historia, ule ambao mtaani unajulikana kama HPI. Ni pauni chache. Utakuambia kama gari limeibwa, kama liliwahi kufutwa na bima, na kama lina deni. Kuhusu kufutwa, tangu Oktoba 2017 makundi ni manne: A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani kabisa, S maana yake mifupa ya gari iliumia ikatengenezwa, N maana yake uharibifu haukugusa mifupa. Gari la S au N halikatazwi kununuliwa, ila lisiuzwe kwa bei ya zima.

Deni lina jambo moja zito linaloyahusu magari haya hasa. Ipo sheria ya mwaka 1964 inayomlinda mnunuzi wa kawaida aliyenunua kwa nia njema, bila kujua, gari ambalo bado lilikuwa likilipiwa kwa mkopo wa awamu. Watu wameisikia sheria hiyo nusunusu na wanajiliwaza nayo. Haimlindi aliyenunua gari la kukodishwa kwa mkataba. Gari la namna hiyo halikuwa la dereva wala la mwajiri wake. Ni la kampuni ya ukodishaji, na wakilifuata mlangoni pako watalichukua, na wewe utabaki kumdai aliyekuuzia kama bado anapokea simu. Kwa hiyo gari likiwa la kampuni na muuzaji ni mtu binafsi, taka barua au ankara inayoonyesha kwamba kampuni ilimuuzia yeye. Hata akiwa mtu wa kwenu, mmeswali safu moja na mmekula pilau kwenye harusi ile ile, mwombe. Mtu mwaminifu hataona haya kuonyesha karatasi, na undugu wenu utabaki salama zaidi zikiwepo.

Nije kwenye mafuta, kwa sababu hapa ndipo gari zuri linapogeuka baya kwa kuhamia kwetu tu.

Dizeli ya kampuni iliishi kwenye barabara kuu. Ina chujio la masizi kwenye mfumo wa moshi, na chujio hilo hujisafisha lenyewe kwa joto, gari likikimbia kwa mwendo mzuri kwa dakika 15 hivi bila kusimama. Ulilete Stratford, ulipeleke Westfield, shule ya watoto na msikitini, halafu urudi. Halipati moto. Masizi yanajaa, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, na chujio jipya linaweza kukugharimu zaidi ya pauni 1,000. Mafundi wa vichochoroni watakwambia wanaweza kulitoa. Usikubali: tangu Februari 2014 gari lililotolewa chujio hilo huanguka MOT. Kama safari zako ni za Manchester au Leicester kila wiki, dizeli itakufaa. Kama ni za E15 na E20 tu, iache, hata ikiuzwa rahisi. Tena kumbuka ULEZ, eneo la tozo kwa magari yenye moshi mchafu. Tangu 29 Agosti 2023 inafunika mitaa yote ya London, na sisi wa Newham tulikuwa ndani tangu Oktoba 2021. Gari lisilotimiza kiwango hulipa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea. Dizeli inatakiwa iwe Euro 6, petroli Euro 4. Gari la miaka mitatu ya karibuni halina wasiwasi hapo, lakini dakika moja ya kuingiza namba yake kwenye tovuti ya TfL haikupunguzii kitu.

Haibridi ya kuchomeka ukutani ilipendwa na kampuni kwa ajili ya kodi. Mfanyakazi aliyepewa alilipa kodi ndogo, na baadhi yao hawakuwahi kuichaji hata siku moja, kwa kuwa mafuta yalilipwa na kadi ya kampuni. Fungua buti utafute kebo ya kuchajia. Ukiikuta bado imefungwa kwenye mfuko wake wa kiwandani, basi gari lile lilibeba betri nzito kwa injini peke yake maili zote hizo. Halijaharibika kwa sababu hiyo, ila nawe kama huna pa kuchaji utafanya vilevile, na matumizi ya mafuta yatakushangaza.

Magari ya umeme ndiyo yanayofurika sasa kutoka kwenye kampuni, na sababu ni ile ile ya kodi. Katika mwaka wa kodi 2020/21 kiwango kwa mfanyakazi aliyepewa gari la umeme kilishushwa hadi sifuri, na mwaka 2025/26 kilikuwa bado asilimia 3, ilhali gari la petroli lenye moshi mwingi linaweza kufika asilimia 37. Kampuni zikayachukua kwa wingi, sasa mikataba inaisha na yanarudi sokoni pamoja, bei zikishuka kwa kasi. Kwa mwenye nyumba yenye maegesho yake mwenyewe ni nafasi nzuri sana. Kwa mpangaji wa ghorofa ya saba lazima apige hesabu kwanza. Umeme wa nyumbani hutozwa VAT ya asilimia 5, wa chaja za barabarani asilimia 20, na bei ya msingi ya hizo za barabarani nayo iko juu. Tembea mtaani kwako usiku, wakati wenye magari wamerudi, uone kama chaja zilizopo zina nafasi. Kuhusu betri, watengenezaji wengi huidhamini kwa miaka 8 au maili 100,000, kinachotangulia. Omba kipimo cha afya ya betri kwa maandishi. Gari la umeme la miaka mitatu linapaswa kuonyesha cheti chake.

Petroli ya kawaida na haibridi isiyohitaji kuchomekwa hazina hadithi ndefu. Kwa mwenye safari fupi za humu humu, ndizo zinazosumbua kidogo.

Dhamana nayo huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya usajili, si siku uliyonunua wewe. Nyingi ni miaka 3, mara nyingi na kikomo cha maili 60,000. Kia hutoa miaka 7 au maili 100,000. Hyundai miaka 5. Toyota huongeza dhamana kila unapofanya servisi kwa wakala wao, mpaka miaka 10 au maili 100,000. Tofauti hizi zina fedha ndani yake. Kati ya magari mawili ya miaka mitatu yanayouzwa bei moja, lile lenye dhamana ya miaka minne iliyobaki limekuzidishia thamani kubwa.

Wapi ununue? Mnadani bei ni ya chini, lakini pale unanunua ulichokiona, na haki nyingi za mlaji hazikufuati. Niwaachie wanaojua injini kwa kusikiliza. Kwa mwenye yadi, Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 iko upande wako. Ndani ya siku 30 za kwanza, gari likionekana na kasoro kubwa iliyokuwepo siku ya kuuzwa, unaweza kulirudisha na kudai fedha yako yote. Baada ya hapo mpaka miezi sita, kasoro huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu mwanzo isipokuwa yeye athibitishe vinginevyo, na ana nafasi moja ya kutengeneza kabla hujadai kurudisha. Ukinunua mtandaoni bila kufika dukani, una siku 14 za kubadili mawazo. Kwa mtu binafsi hupati hayo. Yeye anatakiwa tu gari liwe kama alivyolieleza na liwe lake. Ndiyo maana baadhi ya wafanyabiashara hujifanya watu binafsi. Ukipiga simu sema tu, "Naulizia lile gari." Akijibu, "Lipi?", umeshamjua.

Malipo nayo yana akili yake. Sehemu ya bei, hata arbuni tu, ukiilipa kwa kadi ya mkopo, benki yako inakuwa na wajibu pamoja na muuzaji chini ya kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974, mradi bei ya gari imezidi pauni 100 na haikupita 30,000. Wanaojiepusha na riba, na kwetu ni wengi, walipe salio lote kabla ya tarehe yake na hakuna riba itakayotozwa. Usitume fedha benki kwa gari ambalo hujaliona kwa macho, hata picha ziwe nzuri namna gani.

Siku ya kuliona nenda mchana, pasiwe na mvua, na injini iwe ya baridi. Mwenye gari akiwa amelipasha moto kabla hujafika, subiri lipoe. Liendeshe kwa nusu saa, si kuzunguka mtaa, ufike A12. Kama hujui magari, AA na RAC wana wakaguzi wa kulipia wanaokuja mpaka gari lilipo. Taka funguo mbili. Hakikisha simu na akaunti ya dereva wa zamani imefutwa kwenye mfumo wa gari, na kifaa cha kufuatilia alichofunga mwajiri kimetolewa au umeelezwa kipo wapi. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali uone kama kuna wito wa kurudishwa kiwandani ambao haujatekelezwa.

Gharama za kukaa nalo zijue kabla. Bima kwa anwani za kwetu ni ghali, na kwa aliyefika majuzi na leseni ya Kenya au Tanzania ni ghali zaidi. Leseni hiyo inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tu, kisha lazima ufaulu mtihani wa hapa. Omba bei ya bima kwa namba halisi ya gari. Kodi ya barabara haihamishwi na gari tangu Oktoba 2014: unalipia yako kabla hujatoka uwanjani kwa muuzaji, kwa kutumia kile kipande kidogo cha V5C. Magari mengi ya mameneja yalizidi pauni 40,000 yakiwa mapya, na ya petroli au dizeli ya bei hiyo hutozwa nyongeza kwa miaka mitano kuanzia mwaka wa pili. Katika 2025/26 ilikuwa pauni 425 juu ya 195 za kawaida. Bei uliyonunulia wewe haihesabiki. Magari ya umeme nayo yanalipa kodi hii tangu 1 Aprili 2025. Na kwa sisi wa upande huu, tangu 7 Aprili 2025 handaki la Blackwall si la bure tena. Lilianza kutozwa pamoja na la Silvertown siku hilo jipya lilipofunguliwa.

Neno kwa wanaofikiria kulipeleka nyumbani. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo gari karibu jipya linapita kwa umri. Tatizo ni ushuru, unaokokotolewa kwa thamani, na thamani ya gari karibu jipya ni kubwa. Anayerudi kuishi moja kwa moja ana msamaha chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kwa gari moja, kwa sharti kwamba amelimiliki na kulitumia yeye mwenyewe nje kwa angalau miezi 12. Kwa hiyo ukipanga kurudi, linunue mapema, kwa jina lako, na utunze risiti, bima na kadi zote. Dizeli ya kisasa ukaiulizie kwa fundi wa huko kabla ya kuipandisha meli.

Mimi kwa mkazi wa Stratford mwenye safari za hapa na pale na asiye na maegesho yake, ningechagua haibridi ya kawaida ya miaka miwili au mitatu, iliyokuwa ya mfanyakazi mmoja, yenye servisi zote kwa maandishi na dhamana iliyobaki. Nisingeogopa maili 45,000 zenye ushahidi, na nisingegusa 20,000 zisizo na ushahidi. Muuzaji akikuharakisha kwa kusema kuna mwingine anakuja jioni, mwachie huyo mwingine. Mikataba ya kampuni inaisha kila mwezi na magari mengine yanarudi.